Maji Yamefika Kwenye Jiwe

Harufu ya samaki wa moshi ilinikamata Hastings, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, asubuhi moja ya baridi, nikiwa nimevaa koti refu la sufu nililolinunua kwa jasho langu. Jasho nalitaja kwa makusudi. Wapo watu mjini kwetu wanaodhani kila aliyefika Ulaya alibebwa mgongoni na mtu fulani. Mimi sikubebwa. Nilifagia vyumba vya wageni Kigoma mjini, nikaenda kuvifagia Dar es Salaam, nikapata familia iliyonichukua kulea watoto wao huko ng'ambo, na watoto walipokua nikahamia kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee mji wa Bexhill, huku nikisoma jioni. Stashahada yangu ya uendeshaji wa hoteli imetundikwa mapokezi ya nyumba yangu ya wageni, juu ya kaunta, na mgeni akiingia ndiyo inayomkaribisha kabla yangu. Sioni haya kuisema. Aliyelima ana haki ya kulisimulia shamba lake.

Siku za mapumziko wenzangu walilala au waliingia madukani. Mimi nilipanda treni kwenda kuiona miji ya kale ya pwani. Nimefika Folkestone. Nimefika Deal, ambako nyumba za mabaharia wa zamani zimebanana hadi ufukoni kama watu wanaogombea kuona kitu. Nimefika Whitstable, wanakokula chaza wabichi kwa limau, nikawaonja na mimi ili nisije nikasimuliwa. Hatuko wengi tuliotoka Ujiji tunaoweza kusema hivyo. Lakini Hastings ndiyo niliyoirudia mara kwa mara, kwa sababu wavuvi wake huzivuta mashua zao hadi juu ya kokoto zikakaa pale zimelalia ubavu, kama zetu. Nyuma ya mashua kuna vibanda vya mbao, virefu na vyembamba kama makabati yaliyotolewa nje siku ya kuhama, vimepakwa lami nyeusi tii, na ndimo walimotunzia nyavu zamani. Asubuhi ile, katikati ya lami, kamba mbichi na moshi wa samaki, nilisimama nikashindwa kuendelea na safari yangu. Mwanamke aliyekuwa akipanga samaki mezani, mikono ya sweta kaipandisha hadi viwikoni, aliniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia sijambo, nimekumbuka nyumbani tu. Akanifungia samaki mmoja kwenye karatasi, nami nikamla pale pale nimesimama, kwa vidole, bila ugali, jambo ambalo Mama asingelisamehe.

Mama yangu alikuwa akianika dagaa Ujiji, na sisemi kwa sababu ni mama yangu: hapakuwa na dagaa kama wake. Wenzangu wa rika langu mliokulia ufuko ule mtakumbuka jinsi wanawake walivyogawana mchanga. Kila mmoja alikuwa na kiwanja chake, amekizungushia mawe, na mtoto wa mwingine hakukikanyaga hata akiwa anakimbizwa na nyuki. Wengi walianika juu ya mchanga mtupu. Mama hakutaka. Alikusanya kokoto ndogo ndogo, akaziosha ziwani kwa beseni, akazitandaza kiwanjani kwake mpaka pakawa kama mkeka wa mawe, ili dagaa wakauke bila kushika mchanga. Wachuuzi waliokuja na treni walikuwa na kawaida ya kuokota dagaa mmoja na kumtafuna taratibu, macho wamefumba, kusikiliza kama meno yatalia. Kwa Mama meno hayakulia. Hapo alikunja mikono akatazama pembeni, kana kwamba sifa hizo zilikuwa za mtu mwingine. Majivuno yangu najua nilikoyarithi, ila yeye alijivuna kimya kimya, mimi nimeongeza sauti.

Pembeni mwa kiwanja, upande wa ziwa, palikuwa na jiwe kubwa bapa ambalo nusu lake lilikuwa majini. Hilo halikuletwa na mtu, lilikuwa pale tangu enzi. Mama alikaa juu yake kupumzika, miguu ikiwa majini, na mimi nilikaa mapajani mwake nikinusa dagaa, mawese na sabuni ya kipande. Nikifumba macho sasa hivi naweza kulipapasa jiwe lile kwa unyayo: upande mmoja laini, upande mwingine una mkwaruzo kama ulimi wa paka.

Baba alikuwa fundi mashine kwenye boti la mbao lililovusha mizigo kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Lilikwenda na chumvi na sabuni, likarudi na mawese na vitenge, na mlio wa injini yake niliujua kabla sijajua kusoma. Ufukoni kwetu palikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine, na nimetembea. Anayesafiri kwa maji husindikizwa na mtu mmoja hadi mahali maalumu, na aliyekusindikiza ndiye akupokee, na akupokee pale pale. Hata awe mgonjwa, atakongoja aje. Watu walisema ukipokelewa na mtu mwingine, au mahali pengine, nusu yako hubaki majini. Kwa hiyo Mama alimsindikiza Baba hadi kwenye jiwe bapa, na boti liliporudi likatia nanga mbele kidogo, Baba aliruka majini na kuja mpaka kwenye jiwe, suruali imelowa, na Mama akiwa amesimama juu yake. Hawakukumbatiana, watu wazima wa kwetu hawakuwa na mambo hayo hadharani. Alimpokea begi tu. Lakini nililiona lile begi likipokelewa kwa mikono miwili, ingawa mara nyingi lilikuwa jepesi.

Safari ya mwisho ya Baba naikumbuka kwa sababu alinisimamisha mimi juu ya jiwe, mbele ya Mama. Akanishika masikio kama alivyozoea, akasema, "Nitashuka hapa hapa, fundi wangu mdogo. Ukiniona nakwenda kwingine, ujue si mimi." Nikacheka. Kisha boti likaondoka, na mlio wake ukaendelea kusikika hata baada ya boti lenyewe kuwa kitu cha kubahatisha kwa macho.

Boti lilirudi. Baba hakuwemo. Niliambiwa amebaki kutengeneza mashine huko ng'ambo, nami nikaona ni sawa, kwani nani mwingine angeitengeneza? Mama aliendelea kuanika. Mimi niliendelea kukaa kwenye jiwe. Na katika kipindi hicho hicho, taratibu, bila mtu kutuomba ruhusa, ziwa likaanza kuondoka.

Mtoto haoni maji yakipungua. Anaona tu kwamba jana aliloa miguu akiwa amekaa, na leo lazima ashuke. Kisha jiwe likawa kavu lote. Kisha kati yake na maji pakawa na tope, kisha mchanga mbichi, kisha mchanga mkavu, na siku moja nikaona mtu analima matuta ya mihogo mahali nilipowahi kuogelea. Wanawake waliyafuata maji. Kila baada ya muda walizoa mawe yao, wakashuka chini, wakachora viwanja vipya wakicheka na kusukumana. Wengine walihamia kabisa Katonga, walikosikia wachuuzi wameongezeka. Mama peke yake hakusogea. Alibeba dagaa wabichi kutoka mitumbwini, akapanda nao ule mteremko wote hadi kwenye kokoto zake, maji ya samaki yakimtiririka shingoni, na mchana akabaki juu kule kama mtu aliyesahauliwa kwenye arusi. Wachuuzi walichoka kupanda. Walianza kumpungia tu mkono kutoka chini.

Aliyemtania zaidi alikuwa jirani yetu Mama Furaha, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo na ambaye Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya huko. Kila asubuhi alipita na beseni kichwani, akasimama, akatikisa kichwa beseni lisitikisike. Alimwuliza Mama kama anaanika dagaa au anawatolea mahari. Alimwuliza kama anangoja ziwa lije kumwomba msamaha. Siku moja alishusha beseni kabisa, akasema kwa upole kidogo, "Mama Zaituni, ziwa haina bwana. Itakuacha hapa na ndagala yako, batu banacheka."

Mama alijibu kwamba wanaocheka waangalie meno yao yasiingie mchanga. Mama Furaha akacheka hadi akashika magoti. Lakini nyumbani tulikuwa tumeanza kula mara moja, na sketi yangu ya shule ilikuwa imeshushwa upindo mpaka upindo ukaisha.

Mimi nilimwelewa Mama vizuri sana, au hivyo nilijiona. Anangoja Baba. Hawezi kuhama kwa sababu Baba alisema atashuka hapa hapa. Na Baba naye, niliwaza, hawezi kuja, kwa sababu hapa hapa hapana maji tena. Nilimwona kichwani kwangu: boti linafika, Baba amesimama mbele, anatafuta jiwe, analiona kule juu kwenye mihogo, anashindwa kulifikia, na kwa kuwa ni mtu wa neno lake anageuza boti anarudi Kalemie. Labda alikwisha kuja mara nyingi. Labda alikuja tukiwa tumelala. Tatizo halikuwa Baba wala Mama, tatizo lilikuwa ziwa, na kitu kikipotea njia huonyeshwa njia.

Kuku wa Mama walipopotea kwa jirani, tuliwarudisha kwa kumwaga punje za mahindi kidogo kidogo hadi kwenye banda. Nikaona ziwa nalo litafuata maji. Kila alasiri nikitoka madrasa, nilichukua kopo la rangi lililokuwa na mkono wa waya, nikashuka ziwani, nikachota, nikapanda nikimwaga kidogo kidogo nyuma yangu, mstari ulionyooka kutoka ukingoni mpaka kwenye jiwe, na yaliyobaki nikayamimina juu ya jiwe lenyewe ili ziwa lijue ndipo penyewe. Jua lilikausha mstari kabla sijashuka kuchota tena. Hilo halikunivunja moyo. Niliona ni suala la kasi, kwa hiyo nikaanza kukimbia. Kuna kilichoota pale mwishoni, majani mabichi kidogo kulizunguka jiwe, na mimi nikayachukua kuwa ishara kwamba ziwa limesikia.

Wanawake waliniona, wakadhani nacheza. Mama Furaha ndiye aliyetambua kwamba mtoto anayecheza hukatiza mchezo wake, na mimi sikukatiza. Alasiri moja alipanda akamwambia Mama neno sikioni, na niliponyanyua kichwa nikamkuta Mama amesimama juu yangu, mkono mmoja kiunoni, na mkononi mwangu kopo likivuja.

"Unafanya nini, Zaituni?"

"Nalivuta ziwa."

"Ulivute lije wapi?"

"Hapa. Baba akija hana pa kushukia."

Nilidhani atanichapa, maana kopo lile lilikuwa la kuchotea mawese. Hakunichapa. Alikaa kwenye jiwe lililokuwa bado na unyevu wangu, akanivuta katikati ya magoti yake, akanifuta uso kwa pindo la kanga ingawa uso wangu haukuwa na kitu. Chini kule wanawake walikuwa wameacha kugeuza dagaa.

"Nisikilize, mwananje," akasema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Baba yako ni fundi wa boti. Ziwa analijua kuliko wewe. Mtu anayerudi hashindwi na mchanga."

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akaanza kuzoa kokoto. Alizijaza kwenye beseni, akashuka nazo, akarudi, akajaza tena, bila kunitazama. Mama Furaha alimfuata, naye akajaza beseni lake. Wakaja na wengine. Hapakuwa na utani wowote, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu ufuko wetu haukujua kunyamaza isipokuwa msibani. Jua lilipoanza kuinama, kiwanja kilikuwa chini karibu na maji, mawe yamepangwa upya, na kule juu lilibaki jiwe bapa peke yake, ambalo halikubebeka.

Nilimkasirikia Mama kwa muda mrefu, kimya kimya kama watoto wanavyojua. Niliona amemfungia Baba mlango. Wachuuzi walirudi, tukarudi kula mara mbili, nikapata sketi mpya, na kila nilipoivaa niliona kwamba ndiyo bei ya Baba. Nilikwenda kukaa kwenye jiwe mwenyewe, katikati ya mihogo ya watu, mpaka mwenye shamba akanizoea.

Nilikuwa nimevunja ungo tayari ndipo Mama Furaha aliponiambia ukweli, tukiwa tunageuza dagaa mimi na yeye, Mama yuko hospitali kumtazama mgonjwa. Alisema habari za Baba zilifika na lile lile boti la kwanza lililorudi bila yeye. Alikuwa na nyumba Kalemie, na mke, na watoto wawili wakubwa kuliko mimi. Mama alijua. Alijua ziwa likiwa bado linalamba jiwe. Nikauliza, sasa kwa nini alikataa kusogea, kwa nini alitulaza na njaa akimngoja mtu anayejua haji?

"Ile mawe haikuwa ya baba yako," Mama Furaha akasema, bila kuacha kugeuza. "Ilikuwa ya weye. Ulikuwa unamuangalia mama yako, kila siku unamuangalia. Aliogopa kuyazoa mbele ya macho yako."

Niliokota dagaa mmoja nikamtafuna, kwa kuwa sikujua mdomo wangu ufanye nini. Meno hayakulia.

Nilipopata safari ya Dar es Salaam, na nikamwambia Mama wazi kwamba nikifika huko sitaishia huko, nitavuka, hakushangaa wala hakunikataza. Asubuhi ya kuondoka nilidhani tunakwenda stesheni ya treni Kigoma. Akanishika mkono akanipitisha kwenye njia ya mihogo hadi kwenye jiwe.

"Nakusindikizia hapa. Stesheni siendi."

"Mama, mimi sipandi boti."

"Maji utavuka, hutavuka?"

"Nitavuka."

"Basi."

Akanipa mfuko wa dagaa, wamekauka sawasawa, nikapanda juu ya jiwe nikiwa mtu mzima na viatu vya kisigino, kwa sababu ndivyo desturi ilivyotaka. Ziwa lilikuwa mbali, kijani kibichi cha mihogo kati yetu na lenyewe. Nilipogeuka nyuma kumtazama, alikuwa amekaa. Hakupunga mkono.

Miaka ilikwenda. Huko nilifanya kazi ambazo wengine walizikimbia, nikazifanya vizuri, na wazee wa Bexhill waligombea zamu zangu. Kurudi nilikuwa na nia nako siku zote. Ila kwanza kulikuwa na vibali, kisha kulikuwa na masomo, kisha mtihani, kisha mtu wa zamu aliumwa. Sababu zote zilikuwa za kweli. Mama hakuuliza hata siku moja kwenye simu nitarudi lini. Aliuliza kama nakula.

Kisha kukawa na ile siku ya Rye. Nyumba yetu iliwapeleka wazee matembezini, na mimi nikapewa Bibi Edna, ambaye alizaliwa mji huo na alitaka kuuona tena kabla ya macho yake kufunga kazi. Rye iko juu ya kilima. Ina milango ya mbao ya kale, imepinda, bawaba zimeliwa na kutu, na hakuna anayethubutu kuibadilisha. Mawe ya barabarani yaliyakataa magurudumu ya kiti chake, tukazunguka mpaka kwenye ukuta wenye mnara, mahali pa kutazamia. Nilitarajia bahari, kwani vitabu vyote vilisema Rye ni bandari. Chini yetu palikuwa na uwanda wa majani, tambarare, na kondoo wanakula. Mto mwembamba ulikuwa ukijipenyeza kwenda mbali, kama mtu aliyetumwa kutafuta.

"Pale palikuwa bahari," Bibi Edna akasema. "Meli zilifungwa hapa chini ya ukuta."

Nikamwuliza ilikwenda wapi. Akasema ilichoka na watu wa Rye, na yeye hakuilaumu bahari. Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nawatazama wale kondoo na kuona mihogo.

"Kwenu kuna bahari?" akauliza.

"Kuna ziwa. Lakini nalo liliondoka."

"Hapa watu walingoja," akasema. "Vizazi kwa vizazi. Haikurudi, mwanangu. Kwenu, nani anangoja?"

Nilimfunika miguu vizuri kwa blanketi, nikamwambia upepo umezidi, turudi kwenye gari.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Mama kama kawaida. Akaniambia habari nilizokuwa nimezisikia juu juu, kwamba ziwa linapanda. Katonga maji yameingia sokoni. Watu wa ukingoni wamehamisha vitu. Mihogo yote imeoza mashinani. Alikuwa akiyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya mkaa. Kisha nikamsikia akihamisha simu kwenda sikio la pili.

"Maji yamefika kwenye jiwe," akasema.

"Jiwe gani, Mama?"

"Unalo lingine?"

Nilikuwa nimeshika stashahada tayari. Nilikuwa nimeahidiwa usimamizi wa nyumba nzima ya wazee, na mtu wa kwetu aliyeahidiwa hivyo huko si wa kuokotwa njiani. Niliaga mwezi huo huo. Bibi Edna alinishika mkono, akaniuliza kama bahari imeniita. Nikamwambia ni ziwa. Waliniona sina akili, na mpaka leo wapo Kigoma wanaoniona sina akili, ila hao hulala kwenye vyumba vyangu wakiwa na wageni wa heshima. Mtu anayerudi hashindwi na mchanga. Nililiweka neno hilo moyoni tangu utoto nikidhani lilikuwa la kumhukumu Baba, na ndani ya treni kutoka Dar es Salaam, Tabora imepita, harufu ya mawese imeanza kuingia madirishani kwenye vituo, nikaelewa kwamba lilikuwa limewekwa akiba kwa ajili yangu.

Stesheni ya Kigoma hapakuwa na mtu wa kunipokea, ingawa Mama nilimwambia siku nitakayofika. Nilichukua bajaji mpaka Ujiji na masanduku yangu. Mlango wa nyumba, ule wa mbao ambao Baba aliuchonga mwenyewe kabla sijazaliwa, ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Mama Furaha alikuwa amekaa barazani kwake, amezeeka, amenona, na aliponitambua hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

"Iko ziwani tangu jua kutoka," akasema. "Tumemwambia habari ya mamba, hasikii. Kwenda, kwenda."

Nikashuka. Njia ya mihogo iliishia majini. Mama alikuwa amesimama ndani ya ziwa, mbali kidogo na ukingo, ameinua kanga kwa mkono mmoja, mdogo kuliko nilivyomwacha. Jiwe halikuonekana. Alikuwa amelitafuta kwa miguu mpaka akalipata, akapanda juu yake, na bado maji yalikuwa yamempanda miguuni. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na anajifanya hatetemeki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akasema. "Umekawia mpaka maji yamenifika magotini."

Niliingia na viatu na koti langu la Hastings. Alinipokea mkoba kwa mikono miwili.

Nyumba ya wageni niliijenga kwenye kiwanja cha nyumba yetu ya zamani, kwa kuwa kiko juu na maji hayajakifikia, nikabakiza chumba cha Mama na mlango wa Baba. Mama aliiona imekwisha. Alikagua vyumba vyote na hakusema kitu isipokuwa kwamba mashuka yamenyooka, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Alilala kwenye chumba chake cha zamani, na masika yaliyopita akafariki humo, asubuhi, kimya kimya kama alivyofanya kila kitu. Kwetu wanawake hatufiki makaburini. Wanaume walimbeba, nikawafuata mpaka kwenye mlango wa mbao, na hapo nikaishia, wao wakaendelea.

Wageni huniuliza kwa nini nyumba ya vigae na vioo, yenye feni kila chumba, ina mlango mkuukuu wa mbao unaolia bawaba upande wa ziwa. Nawajibu kwamba huko Rye, Uingereza, milango ya kale haiguswi, nimeiona kwa macho yangu. Huitikia kwa heshima, wakaitazama stashahada. Na ni kweli, haiguswi. Fundi naye amenishauri mara nyingi niuzibe, niweke wa aluminiamu upande wa barabara, maana maji yakiendelea kupanda yataanzia hapo. Namwambia auache. Alasiri, wageni wakiwa wametoka, naufungua wote, najitanda kanga, nasimama kizingitini. Mimi ndiye niliyemsindikiza Mama hadi hapa.